Ile video ya kifungo inatuficha nini

Wandugu na dada wa association, kuko video ya aina moja yenye inarudi kila mwaka mu magrupe yetu, na kila ikirudi watu wanaishangaa sawa vile ni mara ya kwanza. Munaijua. Muzee mumoja wa Ulaya ao wa Marekani amekaa ku kiti, mukono wake unatetemeka mupaka hawezi kushika kikombe cha maji. Muganga anafinya kifungo cha kamashini kadogo. Kiisha sekunde chache, mukono unatulia. Muzee anakunywa maji, bibi yake anapanguza machozi, video inaisha. Chini yake maoni ni yale yale: "Wazungu bako mbali sana." "Mungu ni mukubwa." "Kwetu itakuwa lini?" Na hakukosekane mwenye kuandika kama kwetu huyo muzee wangemupeleka mu chumba cha maombi.

Leo ninataka tuipime video hiyo sawa vile tunapima filme ao kitabu: inaonyesha nini, inaacha nini pembeni, na mwenye kuitazama anatoka nayo na mawazo gani. Neno langu ni hili: video haisemi uongo, lakini inaweka macho yetu pahali pabaya. Inatufanya tuamini kama dawa iko mu kifungo. Dawa iko mu pahali pale elektrodi imewekwa, na kupata pahali pale kuliomba waganga miaka mingi, makosa mengi na wagonjwa wengi wenye waliumia. Mutu mwenye hajue kazi hiyo ya kutafuta pahali hawezi kujua siye huku Butembo na Beni tuanzie wapi.

Kwanza ugonjwa wenyewe. Unaitwa Parkinson, kwa jina la James Parkinson, muganga wa London mwenye aliandika mu 1817 kitabu kidogo juu ya ugonjwa wa kutetemeka. Alieleza watu sita tu, na wamoja kati yao aliwaona tu mu njia. Kwetu tunaujua kwa sura mbili. Muhammad Ali, mwenye alimupiga George Foreman ku Kinshasa tarehe 30/10/1974, mu 1984 waganga walimwambia kama iko nao. Na Papa Yohane Paulo wa Pili, mwenye alikuja Kinshasa mu 1985 kumutangaza Anuarite kuwa mwenye heri: miaka yake ya mwisho, wakristu wote waliona mukono wake ukitetemeka ku televizio, na hakuna mwenye alithubutu kusema Papa amelogwa. Lakini babu wa mu kijiji akitetemeka vile vile, tunasema ni pombe, ao ni uchawi, ao ni uzee tu.

Mu ubongo, chini kabisa, kuko sehemu ndogo ya rangi nyeusi yenye seli zake zinatengeneza kitu kinaitwa dopamini. Seli hizo zikikufa pole pole, njia za ubongo zenye kupanga mwendo zinaharibika: viini vingine vinafanya kazi kupita kipimo, na vinaanza kupiga pamoja kwa mudundo mumoja. Mukono unatetemeka mara 4 mupaka 6 kwa sekunde, zaidi wakati umepumzika. Kutetemeka njo kunaonekana zaidi, lakini hakuko peke yake: mutu anakuwa muzito, mwili unakauka, maandishi yanakuwa madogo, uso unakosa kucheka.

Sasa, mutu wa kwanza mwenye alitaka kukomesha kutetemeka kwa kisu angekata wapi? Hilo njo swali video haigusi.

Wa kwanza walikata pabaya. Mu miaka ya 1930, kuko mafundi wenye waliondoa kipande cha juu cha ubongo chenye kinatuma amri za mwendo. Kutetemeka kukaisha, ni kweli, lakini mukono nao ukakosa nguvu. Ni sawa mulimaji mwenye anachoma shamba nzima kusudi amalize panya. Wengine waliingia ndani zaidi, ku viini vya chini, na wagonjwa wamoja walikufa.

Kiisha, mu 1952, ku New York, fundi mumoja, Irving Cooper, alikuwa anataka kukata njia moja ya neva kwa mugonjwa wa Parkinson. Mbele afike, mushipa mudogo wa damu ukapasuka. Akaufunga haraka, na akaacha operasio pale pale bila kukata kitu. Mugonjwa alipoamuka, kutetemeka na kukauka kwa mwili vilikuwa vimeenda, na mukono ulikuwa na nguvu yake yote. Ule mushipa ulikuwa unalisha sehemu za ndani, kati yazo kiini kinaitwa palidumu. Ni vile ajali ilionyesha pahali penye akili ilikuwa haijafika bado.

Hapa njo ninaanza kugombana na maoni ya "Wazungu bako mbali". Hakuna mutu alizaliwa mbali. Watu waliandika kila kosa, walilihesabu, walilitangaza mbele ya wenzao, na kosa la mumoja likawa alama ya njia kwa mwingine. Hiyo siyo rangi ya ngozi, ni desturi ya kazi. Video ikituficha ajali na makosa, inatufanya tuone sayansi sawa muujiza, na mbele ya muujiza mutu anapiga magoti tu, haulize kitu.

Tuingie sasa mu kazi ya kupima. Mwenye amekwisha kushindana na jirani juu ya parasela ataelewa haraka. Mupimaji akifika ku shamba lenye fujo, hatazame nyumba wala miti, juu vitu hivyo vinabadilika. Anatafuta borne mbili zenye hakuna mutu alizisogeza. Anavuta kamba kati yazo, kiisha anahesabu: metre ngapi upande huu, metre ngapi upande ule. Mu kichwa ni vile vile. Mu 1908, ku London, Victor Horsley na Robert Clarke walitengeneza chombo cha chuma cha kushika kichwa cha munyama kusudi sindano iingie kwa vipimo. Lakini mufupa wa kichwa cha mutu ni borne mubaya: vichwa havifanane. Mu 1947, ku Philadelphia, Ernest Spiegel na Henry Wycis walitumia chombo cha namna hiyo kwa mutu, na wakatafuta borne zao ndani ya ubongo wenyewe. Jean Talairach, ku Paris, akaendelesha kazi hiyo na kuchora atlasi. Borne zenye zilibakia ni madaraja mawili madogo ya nyuzi za neva, moja mbele, moja nyuma, kati yao kama milimita 25.

Ukivuta kamba kati ya madaraja hayo, unaweza kuandika anwani. Kiini kimoja chenye kinatafutwa sana, kile kiko chini ya talamusi, kinakaa karibu milimita 12 ku upande, milimita 3 nyuma ya katikati ya kamba, na milimita 4 chini yake. Kingine, kiko ndani ya talamusi na kinagusa zaidi kutetemeka, kinakaa karibu milimita 14 ku upande, ku usawa wa kamba yenyewe, karibu na daraja la nyuma. Hizo ni hesabu za kuanzia. Fundi anazirekebisha kwa kila mutu. Na munielewe vizuri: kiini kile cha kwanza hakipite punje moja ya haragi. Ukikosa kwa milimita mbili ao tatu, umeme unagusa nyuzi zenye zinabeba amri za uso na mukono, na mugonjwa anaanza kusema sawa mulevi. Ao unagusa njia za kusikia, na vidole vinajaa ganzi. Ao macho yanavutwa upande. Milimita mbili, wandugu. Kuchora mupaka wa parasela tunasamehe kosa la nusu metre, na hata hapo watu wanafika ku tribinali.

Zamani IRM haikuwa. Fundi hakuweza kuona ubongo. Walikuwa wanaingiza hewa ao maji ya rangi mu vyumba vya ndani ya kichwa kusudi borne zionekane ku radio. Leo IRM inaonyesha mengi. Lakini ramani siyo shamba. Siye wa agronomia tunalijua neno hili kwa miguu: ramani ya udongo inakuambia kilima chote ni udongo mwekundu, kiisha unachimba shimo na unakuta mambo mengine. Inabakia kuchimba.

Kuchimba kwao kulianza mu miaka ya 1960 mwanzoni, ku lopitali ya Foch karibu na Paris. Fundi Gérard Guiot alifanya kazi na mwanamuke mumoja wa sayansi, Denise Albe-Fessard, mwenye alikuwa na mazoea ya kusikiliza seli za neva za wanyama. Dada zetu wenye wanaambiwa kila siku kama fizikia na umeme ni vya wanaume, muandike jina hilo. Wakashusha elektrodi nyembamba sana pole pole, na wakasikiliza. Kila sehemu ya ubongo iko na sauti yake ya umeme. Ndani ya talamusi walipata seli zenye zinapiga kwa mudundo ule ule wa mukono wa mugonjwa. Hapo walijua wamefika, juu shamba lenyewe lilisema.

Na mugonjwa? Mara nyingi iko macho. Ubongo wenyewe hausikie maumivu. Wanamupa dawa ya ganzi ku ngozi tu. Wanamwambia: inua mukono, hesabu mupaka kumi, chora muviringo ku karatasi. Mutu mwenye anatetemeka njo mupimaji wa mwisho. Video inamuonyesha sawa mutu mwenye amepokea zawadi. Ukweli ni kwamba alikuwa mufanyakazi mu operasio yake mwenyewe.

Sasa tufike ku kifungo. Mbele ya kuchoma kiini, mafundi walikuwa na desturi ya kutuma kwanza umeme kidogo kusudi wahakikishe kama pahali ni penyewe. Ku Grenoble, Ufaransa, Alim-Louis Benabid na Pierre Pollak waliona kama umeme wa haraka, zaidi ya mara 100 kwa sekunde, unatuliza mukono. Ukizimwa, kutetemeka kunarudi. Mu 1987 wakatangaza wazo lao: badala ya kuchoma, tuache elektrodi pale pale, tuifunge na batri chini ya ngozi ya kifua. Munaona? Ile mashini yenye watu wanaishangaa ilikuwa kwanza chombo cha kupima pahali. Kifungo ni mutoto wa kazi ya kutafuta.

Na kile kiini cha chini ya talamusi kilipatikana kwa njia ingine ya huzuni. Mu 1982, ku California, vijana wamoja walijipiga sindano za heroine ya kutengeneza, na mu siku chache wakakauka sawa mawe. William Langston na wenzake walipata sumu yenyewe, MPTP, yenye inaua zile seli za dopamini. Kwa sumu hiyo watafiti wakaweza kusoma ugonjwa kwa nyani. Mu 1990, Hagai Bergman, Thomas Wichmann na Mahlon DeLong walionyesha kama ukiharibu kile kiini kwa nyani mwenye amekauka, anaanza kutembea tena. Mu 1993 watu wa Grenoble waliandika juu ya elektrodi yao ya kwanza pale pale kwa mutu. Benabid na DeLong wakapewa pamoja zawadi ya Lasker mu 2014.

Hii yote njo kitu video inakata. Lakini kuko vitu vingine viwili inakata, na hivi vinatugusa siye zaidi.

Cha kwanza: nani anachaguliwa. Haiko kila mwenye kutetemeka anapelekwa ku operasio hii. Kuko kutetemeka kwenye siyo Parkinson: kwingine kunakuja wakati mutu anashika kikombe, si wakati amepumzika, na mara nyingi mu jamaa kuko wengi wako nako. Kuko kwa ugonjwa wa goita, kuko kwa pombe. Na kuko kwenye kunatoka ku dawa zenyewe: dawa fulani za magonjwa ya akili, sawa haloperidol, na hata metoklopramidi, ile watu wanapewa juu ya kutapika, zinaweza kumufanya mutu afanane kabisa na mugonjwa wa Parkinson. Huyo hahitaji kisu. Anahitaji muganga mwenye atauliza: unakunywa nini? Kisha, kwa Parkinson ya kweli, kuko kidonge cha levodopa chenye kinageuka dopamini mu ubongo. Kiko ku orodha ya OMS ya dawa za lazima. Na mafundi wa operasio wanatazama kwanza namna mwili wa mugonjwa unajibu kidonge hicho: mwenye hajasaidiwa nacho hata kidogo, mara nyingi elektrodi nayo haitamusaidia, isipokuwa kutetemeka kwenyewe ambako wakati mwingine kunakataa kidonge na kunasikia umeme.

Muone maana yake. Njia ya kufika ku mashini kubwa inapita ku kidonge kidogo. Muzee mwenye hajapewa hata siku moja levodopa hawezi kusimama mu mustari wa operasio, hata familia yake iuze parasela zote. Na familia zinauza: tunajua namna watu wanapanda gari ya Kasindi kuelekea Kampala na feza za muchango, mara ingine bila hata jina la ugonjwa ku karatasi.

Cha pili: nyuma yake nini. Video inaisha wakati muzee anakunywa maji. Kesho yake haionyeshwe. Batri za kawaida zinaisha kiisha miaka michache na zinaomba kufungua ngozi tena. Zile za kuchaji zinaomba umeme wa kutumainiwa. Mu miezi ya kwanza mugonjwa anarudi mara nyingi kusudi wapange nguvu ya umeme, sawa vile mutu anatafuta stasio ku radio. Na ugonjwa unaendelea. Mucheza filme Michael J. Fox alichomwa talamusi mu 1998. Kutetemeka kwa upande mumoja kulipungua, lakini Parkinson haikutoka. Operasio inatuliza alama, haifufue seli.

Wamoja watasema: basi kwetu tuchome tu, kuchoma hakuombe batri. Wazo hilo siyo la kijinga, na mu inchi maskini linafanyika. Lakini kilichochomwa hakirudi, na kuchoma pande zote mbili kunahatarisha sana sauti na kumeza. Sasa kuko hata namna ya kuchoma kwa mawimbi ya sauti bila kutoboa mufupa. Marekani iliiruhusu mu 2016 kwa kutetemeka kwa aina fulani. Hiyo nayo inaongozwa na IRM, na inaomba ule ule ujuzi wa pahali. Hakuna njia yenye inaruka kazi ya kutafuta.

Sasa turudi kwetu. Maoni ya "Kwetu itakuwa lini?" yananiuma kuliko yote, juu yanadhani kitu kinachokosa ni mashini. Tuseme kesho ndege inashusha mashini hiyo bure ku Beni. Nani ataipokea? Ingebakia mu karto, sawa vile tulikwisha kuona vyombo vingi vya musaada vikibakia mu karto. Mbele ya ramani ya milimita, kuko ramani ingine yenye inatangulia: ya wagonjwa. Wako wapi, wako wangapi, wanakunywa nini?

Kazi hiyo ilifanyika karibu na siye. Ku Tanzania, wilaya ya Hai, chini ya Kilimanjaro, watafiti walipita mu watu 161,071, kijiji kwa kijiji, na matokeo yakatoka mu 2008. Walipata watu 33 wenye Parkinson, na wengi wao hakuna mutu alikuwa amewaambia hata siku moja jina la ugonjwa wao. Watu 33, utasema ni wachache. Lakini kwa wale wengi, jambo la kwanza lilikuwa kujulikana, mbele ya operasio yoyote. Hawakuhitaji Grenoble kwa hilo. Walihitaji mutu mwenye anajua kuuliza, karatasi, na miguu.

Miguu tuko nayo. Kutoka tarehe 1/8/2018 mupaka 25/6/2020, wakati wa Ebola, vijana wa Beni na Butembo walipita nyumba kwa nyumba, mu matope na mu hatari, wakihesabu wenye waligusana na wagonjwa. Wengi mu association hii wanajua kazi hiyo kuliko profesa yeyote. Tunajua pia ubaya wake: watu wakiona unahesabu bila kuwaletea kitu, wanafunga mulango, na wako na haki. Basi kuhesabu wenye kutetemeka bila kidonge nyuma yake itakuwa kosa lile lile. Vitu hivyo viwili viende pamoja. Ku Université Catholique du Graben, medesini na agronomia ni fakilte mbili za chuo kimoja. Memware moja ya pamoja juu ya jambo hili ingekuwa na faida kuliko memware kumi zenye zinalala mu armware.

Juu ya nini agronomia? Hapa njo kazi yangu inaniruhusu kusema. Ile sumu MPTP, ikifika mu ubongo, inageuka kitu chenye umbo lake linafanana na parakwati, dawa ya kuua majani yenye Umoja wa Ulaya uliitoa mu soko mu 2007. Ufaransa mu 2012 iliandika Parkinson mu orodha ya magonjwa ya kazi ya walimaji wenye walitumia dawa za shamba. Na rotenoni: mu 2000 watafiti walionyesha kama panya wakipewa rotenoni pole pole wanapata dalili za Parkinson. Rotenoni inatoka wapi? Mu mimea, na kati yayo ile tefrozia tunayoijua, yenye watu wanaponda majani yake na kutupa mu muto kusudi samaki ielee, na yenye tunafundisha walimaji waitumie ku haragi kama "dawa ya asili, haina hatari". Sisemi kila babu mwenye kutetemeka ametiwa sumu na shamba lake. Ugonjwa huu uko na sababu nyingi, na uzee ni ya kwanza. Ninasema neno "asili" siyo glovu. Mwenye kupuliza dawa bila kufunika mikono na pua, ikuwe ya duka ao ya majani, anacheza na kitu chenye waganga walitumia kusudi watengeneze ugonjwa huu mu laboratwari.

Na kuko upande wa habari njema, nao unaomba akili. Mukuna, ile tunapanda kufunika udongo na kurudisha azoti, mbegu zake ziko na levodopa ya kweli. Mu 2017 kazi moja iliyofanyika Bolivia kwa wagonjwa 18 ilionyesha kama unga wa mbegu hizo za kuchoma unaweza kusaidia karibu sawa kidonge. Ninajua kesho mutu atauza unga wa mukuna ku soko ya Butembo katika machupa madogo. Tafazali. Kipimo cha mbegu kinabadilika kufatana na aina na shamba, unaleta kutapika, na kupita kipimo kunarusha mwili ovyo. Ni kazi ya agronome kupima levodopa mu mbegu, na kazi ya muganga kupima mu mutu. Mumoja bila mwenzake ni muuza machupa.

Mutu ataniambia: unatuondolea furaha, acha watu washangae. Hapana, washangae. Mimi ninaitazama ile video na ninafurahi kila mara muzee anapofikisha kikombe ku midomo. Lakini kushangaa kwenye kunaishia ku kifungo kunatuacha tukingoja ndege. Kushangaa kwenye kunafika ku kazi ya kutafuta pahali kunatupa kitu cha kufanya juma hili.

Kwa hiyo, video hiyo ikirudi mu grupe yako, usiandike "Kwetu lini?" Andika maswali, na kiisha uende kuyauliza kwa muzee wa avenue yako: mukono unatetemeka wakati umepumzika ao wakati unafanya kazi? Ulianza upande mumoja? Maandishi yako yamekuwa madogo? Unakunywa dawa gani, na nani alikupa? Muandike majibu, mumupeleke kwa muganga na karatasi hiyo. Mwenye iko ku medesini atusahihishe hapa chini, mwenye iko ku agronomia alete mbegu za mukuna tuzungumuze. Tuendelee.